Pazia Nililomshonea Sista

Jumatatu, 3 Machi

Niandike mapema, kabla watu hawajaanza kugawana sifa: mimba za wasichana wa eneo hili zilipunguzwa na mtu mmoja tu. Mtu huyo ni mimi.

Si majivuno, ni kazi. Nashona sketi za shule tangu Mwalimu Mkuu wa sasa akiwa anavaa kaptula. Zamani, muhula ukifika katikati, lazima zije sketi za kupanuliwa kiuno. Binti anaingia dukani, anatazama dari, anasema, Fundi, sketi imerudi ilipofuliwa. Mimi naweka futi. Najua kabla ya mama yake. Futi yangu haijawahi kudanganya — kuna mmoja nilimwambia ni mapacha, wakawa mapacha, na wa pili akazaliwa na alama ya chaki begani.

Basi nikawa nawaambia wote, huku futi iko kiunoni: kiuno hiki nimekihifadhi kichwani. Kikiongezeka nitajua, na mimi nikijua mtaa umejua. Wakaogopa. Mwaka jana hakuja hata mmoja. Mwaka huu vilevile. Sasa adai nani mwingine?

Alhamisi kuna mkutano ukumbi wa kituo cha afya. Anakuja Mtafiti kutoka makao makuu, tujadiliane kwa nini wasichana wadogo siku hizi hawazai kama zamani. Hawakunialika. Wamesahau tu. Nimepiga pasi suti ya kijivu, ile niliyoishona kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye plasta.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi. Suti sijaivua, lakini nitaandika.

Mtafiti ni kijana mwembamba, koti linampwaya mabegani, nilimhurumia. Akaonyesha ukutani mchoro wa mstari unaoteremka kama ngazi. Wasichana wa chini ya miaka ishirini wanaojifungua hapa ni nusu ya wale wa miaka kumi iliyopita. Akauliza, mnadhani ni kwa nini?

Kila mtu akavutia kwake. Mwalimu Mkuu: ni shule, binti akikaa darasani mpaka kidato cha mwisho hapati nafasi ya ujinga. Mhubiri: ni maombi — na akataka tuinamishe vichwa hapo hapo. Kinyozi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta: ni simu, vijana wa sasa wanapendana kwa kidole gumba, kila mmoja kitandani kwao. Ukumbi ukacheka. Mama mmoja nyuma: ni ugumu wa maisha, hata paka wangu amepunguza. Kisha Sista, yule muuguzi mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Akasema ni sindano na vijiti vya uzazi wa mpango, na kile chumba cha vijana alichokifungua, Jumanne mchana. Binti anaingia, anauliza asichoweza kumuuliza mama yake, anatoka. Mtafiti anaandika yote, anaitikia yote, eti yawezekana ni mambo mengi kwa pamoja. Mtu wa namna hiyo ukimpa mkasi hawezi kukata hata leso.

Nikasimama. Nikaeleza habari ya futi. Nilieleza vizuri, kwa mifano, kwa sauti ya tumboni. Nilipofika pale pa mapacha Sista akainua mkono. Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza: Fundi, nakuheshimu kama kaka yangu. Lakini hawakuacha kushika mimba kwa kuogopa futi yako. Waliacha kuja kwako. Mwenye shida anapanua sketi yake mwenyewe chumbani, kwa sindano ya mkono, kwa sababu wewe unasema ya watu.

Ukumbi wote. Hata Mhubiri. Kinyozi alicheka mpaka akashika kiti cha mbele asianguke. Mtafiti aliinamia karatasi zake, lakini mabega yalikuwa yanacheza ndani ya lile koti.

Sista atanijua. Naandika na tarehe, nisije nikajisamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Neno limeshafika sokoni. Muuza nyanya: Fundi, nasikia unasema. Nikikohoa tu, Kinyozi anauliza kupitia ukutani: unasema?

Nyumbani nako. Nimekaa mezani nawaeleza jinsi nilivyowashika ukumbini, mpwa wangu akaweka kijiko chini. Huyu ni mtoto wa dada yangu, dada yuko kazini mbali, mimi ndiye niliyemlea binti tangu akiwa kimo cha cherehani. Sasa ana miaka kumi na minane, kidato cha mwisho, na mdomo ameurithi kwa mama yake.

"Mjomba," akasema, "mlikaa pale watu wazima watupu mnabishana juu ya matumbo yetu. Kuna hata mmoja aliyetuuliza?"

"Mimi nilikwenda kwa niaba yenu."

"Ndiyo hiyo sasa."

Mke wangu akageukia sufuria. Mgongo wa mke wangu unajua kucheka bila sauti.

Nimewaza kumwandikia Waziri. Nimewaza kumshonea Sista gauni litakaloachia mshono mbele ya wakubwa zake. Niliwahi kumfanyia hivyo bwana mmoja aliyenidharau, suruali ikapasuka akiwa anakula kiapo mahakamani, hakimu akafuta kesi. Lakini Sista hashonewi kwangu. Ananunua za dukani. Hilo nalo nimeliweka kwenye hesabu yake.

Jumatano, 12 Machi

Adui amekuja dukani kwa miguu yake!

Alisimama mlangoni amekumbatia kitambaa kizito cha buluu. Akasema, Fundi, juzi nilisema mahali pasipofaa. Nilichokisema ni kweli, ila mahali hapakuwa pake, niwie radhi. Mtu anakuomba radhi na kukuchoma tena kwa pumzi moja. Eti kituoni walitaka kazi hii apewe fundi wa mtaa wa juu, yeye akang'ang'ania nipewe mimi, tusije tukawekeana kinyongo.

Kazi yenyewe ni pazia la mlango wa chumba cha vijana. Chumba kiko mwisho wa jengo, mlango unatazama barabara, na ng'ambo ya barabara ndipo tulipo mimi na Kinyozi. Mlango wenyewe hawaufungi mchana. Ndani hakuna dirisha, joto linaua, na binti akiukuta umefungwa anadhani hakuna mtu, anageuza. Pazia la zamani limeoza.

"Lifike chini, Fundi. Lifagie sakafu," akasema. "Benchi la kusubiri liko hapo hapo nyuma yake. Sitaki mtu wa nje aone hata unyayo."

Nikamwambia, Sista, kwangu umefika.

Tangu aondoke natabasamu peke yangu. Mteja mmoja ameniuliza kama jino linauma.

Jumapili, 16 Machi

Wasiojua kazi hii wanadhani kukata ni mkasi. Kukata ni uamuzi.

Nimekitandaza mezani. Nikapima urefu wa mlango mpaka sakafuni, nikatia mstari wa chaki. Halafu nikatia mstari wa pili juu ya ule, kiasi cha goti la mtu aliyekaa. Nikakata pale pa juu. Mkasi ulilia vizuri.

Sijamsengenya mtu. Sijatoa uongo wowote. Yeye si alisema ninasema? Safari hii nimefunga mdomo. Pazia litasema lenyewe.

Pindo nimelipiga mara mbili, uzi umenyooka, hata mwenye kinyongo na mimi angesifu. Kipande kilichobaki nimekishonea cherehani kifuniko. Buluu inaipendeza. Mke wangu ameniuliza mbona napiga mluzi, nikamwambia ni afya.

Jumanne, 18 Machi

Nimelitundika mwenyewe. Sista akalitazama juu, akalitazama chini.

"Fundi, mbona limeishia hapa?"

Nikamweleza kitaalamu. Kitambaa cha uzito huu, Sista, kikining'inia kinavutika. Kipe wiki mbili tatu, kitashuka chenyewe. Nikikifikisha chini leo, mwezi ujao kitaburura uchafu, na hapa ni mahali pa wagonjwa. Akasema, hilo sijawahi kulisikia. Nikamwambia na mimi majina ya dawa zako sijawahi kuyasikia. Kulikuwa na mtoto analia kule ndani. Akaniamini, au alichoka tu.

Nikavuka barabara, nikavuta kiti mpaka kwa Kinyozi.

"Leo huna kazi?"

"Leo niko sinema."

Saa ya mabinti ikafika. Walikuja mmoja mmoja, wanapita kama hawaendi popote, halafu wanaingia ghafla. Pazia likarudi mahali pake. Chini yake, benchini: viatu vyeusi vya shule, raba nyekundu, ndala zenye ua. Vimepangwa sawasawa kama dukani. Kinyozi alikuwa hajaona. Sikumwonyesha. Nilimwambia tu, jirani, kile kituo chetu kimependeza siku hizi, hebu angalia.

Jumanne, 25 Machi

Sasa ni mchezo. Kinyozi ana benchi lake la wateja, na wateja wana macho.

"Raba nyekundu," Kinyozi akasema, wembe uko shingoni mwa mtu, "si za binti wa muuza maji zile?"

"Mimi sijasema kitu."

"Na zile za kamba ya njano?"

"Yule wa netiboli. Lakini sijasema."

Mteja akageuza kichwa aone, akakatwa sikio. Hakulalamika. Akashika pamba, akaendelea kutazama. Mwingine akasema viatu vya shule vinafanana vyote, hatuwezi kujua. Kinyozi akamwambia, tazama kisigino, binti wa Mhubiri anatembea upande. Tukacheka mpaka redio ikazimwa ili tusikie vizuri.

Sista alitoka akasimama mlangoni. Akatutazama. Akaangalia tunapotazama. Akarudi ndani, akaja na shuka na pini, akaliongezea pazia kwa chini. Upepo wa lori la kwanza ukalibeba lile shuka na kulimwaga barabarani. Akaliokota mwenyewe, mbele yetu, miwani inaning'inia.

Nilisubiri nione raha ya siku ile ya ukumbini ikirudi kwangu. Ilirudi. Siwezi kusema haikurudi.

Jumanne, 8 Aprili

Benchi tupu! Hakuna kiatu. Sista amekaa peke yake nyuma ya pazia, naona viatu vyake vyeupe vimebebana kisigino juu ya kisigino. Kitakwimu — neno la Mtafiti — mstari wake umeteremka mpaka chini kabisa. Sasa naye ajue kuachwa na wateja kukoje.

Niandike na lile la wiki iliyopita, maana sikuliandika. Muuza maji alikuwa ananyolewa. Amekaa ametulia, upande mmoja umeshanyolewa, upande wa pili bado. Mtu wa benchini, si mimi, akasema, raba nyekundu zimefika. Muuza maji akauliza, raba zipi? Kinyozi akajifanya anatafuta kitana. Muuza maji akatazama ng'ambo. Akasimama na kitambaa cha kinyozi shingoni, kichwa nusu, akavuka barabara bila kuangalia magari. Alimtoa binti kwa mkono. Binti hakupiga kelele, hilo ndilo lililonishangaza. Raba moja ilimtoka mguuni, ikabaki pale chini ya pazia. Hakuna aliyekwenda kuirudisha. Jioni nilipofunga duka ilikuwa bado ipo.

Mimi nilimpangia Sista tu. Muuza maji hakuwa kwenye mpango.

Chai ya leo imenishinda, sijui wameweka nini.

Jumamosi, 26 Aprili

Sista amekuja. Safari hii hakuomba radhi. Akasema, Fundi, wiki zimepita, halijashuka hata unywele. Nikamwambia kuna vitambaa vizito na vitambaa vikaidi. Akasema, liongezee kipande, nitalipia mimi mwenyewe. Nikamwambia buluu ile imekwisha madukani, nimeuliza mpaka kwa muuza jumla. Nilimwambia hivyo huku nimeegemea cherehani, mgongo umeziba kile kifuniko.

Akashika miwani yake kifuani.

"Kuna wasichana wana tarehe zao, Fundi. Tarehe zinapita."

"Waambie waje asubuhi."

"Asubuhi wako shule."

"Basi waombe. Si Mhubiri alisema ni maombi?"

Nililisubiri jibu hilo tangu Machi. Lilitoka vizuri kabisa. Kinyozi alilisikia, akagonga ukuta mara tatu kunipongeza.

Sista akasema tu, haya kaka. Akaondoka. Nilitaka angalau akasirike. Kisasi kinahitaji mtu wa upande wa pili.

Jumamosi, 10 Mei

Sare za muhula mpya. Nimeshona mpaka vidole vimekufa ganzi. Niliwahi kushona sare za shule nzima kwa siku moja, mvua inanyesha, umeme umekatika, nikikanyaga cherehani kwa mguu na kuzungusha gurudumu kwa mguu wa pili. Leo nimechoka kwa sare kidogo tu.

Mpwa wangu hali vizuri. Nimemwambia mitihani hailiki, chakula ndicho kinacholiwa. Hakucheka. Kwa kawaida yeye ndiye anayecheka.

Ijumaa, 16 Mei

Mke wangu amenisubiri nimalize kula. Hiyo peke yake ni dalili mbaya.

Akaniuliza, "Lile pazia la Sista, ulipima sawasawa?"

Nikamwambia mimi sijawahi kukosea kipimo tangu nizaliwe.

"Hilo ndilo nililokuwa naogopa," akasema. Kisha akasema polepole, kama anahesabia mtoto: "Mtoto wa dada yako tarehe yake ilikuwa mwisho wa Machi. Alikwenda mpaka kwa muuza mihogo hapo kona, akawaona mmekaa na Kinyozi mnatazama viatu. Akarudi. Wiki iliyofuata akajaribu tena, akageuza. Ya tatu hakwenda kabisa. Sasa amepitisha mwezi."

"Tarehe ya nini?"

"Ya sindano."

"Sindano ya nini?"

Mke wangu akanitazama kama ninavyotazama nguo iliyokatwa na mwanafunzi. "Ya kukukinga wewe usiitwe babu kabla ya mvi kuisha kutoka."

Nilisimama. Nilisema mengi. Nilisema nitamtafuta huyo kijana — kumbe ni yule fundi wa simu wa kule stendi, mwenye suruali za kubana, na moja niliibana mimi mwenyewe! — nitamshonea ndani ya gunia pamoja na simu zake. Nilisema Sista ameingiza uchafu ndani ya nyumba yangu, kesho nakwenda na petroli. Nilisema binti atarudi kwa mama yake. Nilisema na mengine. Mke wangu akaniacha nikamaliza. Alikuwa anakunja nguo za watoto, na hata moja hakuikunja vibaya.

"Umemaliza?"

"Nani alimpeleka kwa mara ya kwanza?" nikauliza.

"Mimi."

Nikakaa.

"Ana shule ya kumaliza," akasema. "Sista aliongea naye kwa saa nzima, akamwambia na kusubiri ni njia, hakuna anayekulazimisha. Mtoto akachagua mwenyewe. Alikuwa anatunza tarehe zake kuliko wewe unavyotunza ahadi za wateja. Kilichoharibika ni kimoja tu."

Hakukitaja. Angekitaja ningembishia.

Jumapili, 18 Mei

Nimemkuta uani anafua. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilitaka kuanza na hotuba, nilikuwa nayo nzuri.

Akasema bila kugeuka, "Mjomba, ukitaka kunifukuza, subiri kwanza matokeo ya mitihani."

Hotuba ikapotea yote.

Nikamwambia aende kwa Sista, apimwe, tujue moja. Akasema haendi. Nikamwambia mimi ndiye ninayekuruhusu. Akasema si ruhusa, ni ile barabara. "Nikikaa lile benchi mtaa wote utajua viatu vyangu. Nikiwa ninayo watajua. Nikiwa sina watajua vilevile. Yule wa raba nyekundu hajarudi shule mpaka leo."

Nikasema ataazima viatu. Akaniuliza ataazima na miguu?

Nimefikiri kulishusha pazia, nilirefushe. Kifuniko cha cherehani nimekifumua, kimo chake kinatosha. Lakini nikilirefusha kesho mtaa utauliza kwa nini sasa, na kwa nini buluu imepatikana. Kinyozi hana jingine la kuwaza. Na Kinyozi naye, wakati wake utafika, kuna koti lake la harusi ya mdogo wake liko kwangu, mikono yote nitaikata urefu tofauti.

Jumanne, 20 Mei

Naandika hapa hapa, ndani ya chumba cha vijana, daftari liko gotini. Nimekuja naye.

Tumepita mlango wa wajawazito kule mbele, tukazunguka kwa ndani mpaka huku, ili asionekane barabarani. Akili yangu hiyo. Ila benchi ni lile lile, na pazia ni lile lile. Nilipokaa ndipo nilipoona ninachowaonyesha watu tangu Machi. Kwa ndani pazia halionekani fupi. Kinachoonekana ukiinama kidogo ni barabara yote, na benchi la Kinyozi, na nyuso za watu zimeelekezwa hapa kama wanasubiri gari. Macho yao yako usawa wa magoti yako. Unajisikia umevuliwa.

Nimemwambia, pandisha miguu benchini, kunja magoti, hivyo. Akapandisha. Mimi nikasogea mpaka katikati ya mlango, nikateremsha yangu yote miwili. Viatu vyangu vyeupe vyenye ncha. Mtaa mzima hakuna mwingine mwenye kama hivi.

Haikuchukua muda.

"Fundi!" Sauti ya Kinyozi. "Hivyo si viatu vyako?"

Nikaviacha pale pale.

"Jamani, Fundi amebalehe!"

Wakacheka benchi zima. Mwingine akapiga kelele niulize kama kuna sindano ya wanaosema. Mwingine akasema amekuja kuchukua kijiti cha kuchokolea meno. Nilikuwa na majibu matano. Yote mazuri, moja la kumtoa Kinyozi mtaani moja kwa moja. Lakini nikijibu wanavuka barabara, na wakivuka wanamwona nani niliyekuja naye. Basi nimekaa. Nimechezesha kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu wapate cha kutazama. Mpwa wangu amejikunja nyuma yangu, kidevu juu ya magoti, ananong'ona, Mjomba, usitikisike sana.

Sista alipoingia akatazama miguu yangu chini, akatazama miguu ya mpwa wangu juu, akalitazama pazia. Nikamtolea kipande cha buluu kwenye mfuko, nikamwambia kimepatikana. Akakipokea, akakiweka juu ya kabati, akasema tutaongea baadaye kaka, tuanze na mtoto.

Akamchukulia kipimo. Akasema kinachukua muda kidogo, na hata kikisema hapana itabidi arudi tena baada ya wiki, maana mwili baada ya sindano una kawaida zake. Akaeleza vyote. Akaeleza kikisema ndiyo kutakuwa na nini na nini, nani ataongea na shule, na kikisema hapana ataanza upya lini. Alikuwa ananiangalia na mimi wakati wa kusema, kama mzazi. Halafu akatoa kadi ya kalenda, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu, siku hizi hapa, na hizi, na hapa katikati ndipo penyewe pa kushika mimba.

Mimi nilikuwa nimegeukia barabara kwa heshima. Lakini masikio hayana pazia.

Nikamuuliza, nikiwa bado nimewapa mgongo, Sista, hapo katikati una maana gani? Si zile siku za mwanzo, zile za damu na zinazofuata? Akasema hapana, Fundi, hizo ndizo za nafuu. Mpwa wangu akakohoa, nikajua si kikohozi.

Kwa Kinyozi mimi ndiye mwalimu wa somo hilo. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka tisa, na nimewaambia watu wote ni hesabu yangu, ni nidhamu ya mwanaume. Siku za damu na zinazofuata nilikuwa naenda kulala sebuleni, kishujaa. Hapo katikati ndipo nilipokuwa narudi. Miaka tisa. Jioni nitamuuliza mke wangu kama naye ana tarehe zake kwa Sista — hapana. Sitamuuliza. Naujua mgongo wake utafanya nini.

Kipimo kiko kule chumba cha pili. Nje wamehamia kwenye viatu vyangu, wanabishana kama nimevinunua au nimeviazima. Viatu vya Sista navisikia kwenye korido, vinakuja polepole, mwendo wa mtu anayesoma kitu mkononi. Mpwa wangu amenishika mkono wa koti kwa nguvu, acha likunjike. Naandika haraka kabla hajaingia: mimi niliyesimama ukumbini kuwaeleza watu kwa nini mimba zimepungua, sikuwa najua zinaingia siku zipi.